Chin Yun-moi na Mapigo Manne ya Mwisho

Wazee wa ukoo wa Liau, ndugu wa ukoo wa Chin mliovuka kilima tangu alfajiri, majirani, na ninyi watoto mliotoka Dongguan na Shenzhen na viatu vyenu vya mjini, mimi ni Liau Khiun-yin, wifi wa marehemu, na nimesimama hapa kusoma maisha yake kwa sababu aliniagiza mwenyewe, ingawa Mzee Kwet-hin, mkuu wa ukoo wetu, angependa yasomwe na mwanamume. Mzee amekaa mstari wa mbele na masikio yake ni mazima, kwa hiyo sitapaza sauti. Najua wengi wenu mmekuja mkiamini kwamba leo kijiji cha Sak-hang kinazika vitu viwili katika jeneza moja, yaani Yun-moi na ngumi ya nyumba ya Liau, mtindo wetu wa kupigana, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mtu wa mwisho aliyeijua yote, mapigo arobaini na mawili, tangu la kufungua mpaka la kufungia. Hilo nitalifikia. Kwanza azaliwe.

Marehemu Chin Yun-moi alizaliwa tarehe 9 Machi 1936, katika kijiji cha ukoo wa Chin, ng'ambo ya kilima hiki, akiwa binti wa tatu katika nyumba iliyokuwa inatafuta mvulana. Tarehe 2 Novemba 1940, akiwa na miaka minne, baba yangu, marehemu Liau Thien-fuk, alimchukua kwa mzega, kapu la mbele Yun-moi, kapu la nyuma jiwe la kusawazisha, akamleta hapa awe mke wa mwanawe. Mwana mwenyewe alikuwa hajazaliwa, hata mimba yake haikuwapo. Ndivyo ilivyofanyika siku hizo katika nyumba zetu, msichana analetwa mapema kumngoja bwana harusi, akizaliwa atambeba mgongoni na kumfuta makamasi, akikua ataolewa naye, na baadhi yenu mliokaa hapa mna bibi waliopata waume kwa njia hiyo, msijifanye mnashangaa.

Tarehe 17 Agosti 1942 mama yangu alijifungua, mkunga akatoka nje na kusema neno moja, "Msichana," na Yun-moi, aliyekuwa na miaka sita na beseni la maji ya moto mikononi, akamgeukia baba akamwuliza, "Basi ningoje tena?" Baba akacheka, akamjibu, "Ngoja, mwanangu." Mama aliharibikiwa na mimba mwaka 1944, akaharibikiwa tena mwaka 1946, akafariki tarehe 11 Januari 1948, baba hakuoa mwingine, kwa hiyo kaka yangu hakuzaliwa, na Yun-moi akabaki mke wa mtu ambaye hakuwahi kuwapo. Mimi nimemwita wifi tangu nilipojua kusema, na sikumpata mwingine wa kumwita hivyo.

Kuhusu elimu, shule ya watoto hakuiona, alihudhuria darasa la watu wazima kipupwe cha mwaka 1952 katika ghala la mpunga, akajifunza kuandika jina lake na namba mpaka elfu, akasema zinamtosha. Elimu yake kubwa ilikuwa ngumi. Wale waliokulia mjini wanaona ngumi za kwenye televisheni, watu wanaruka juu ya mapaa, sasa nawaambia, ya kwetu si hiyo. Sisi Wahaka, ambao watu wa tambarare wanatuita wageni hata baada ya vizazi zaidi ya ishirini, tulikuta mabonde yana wenyewe tukaachiwa milima, na ngumi yetu ni ya watu wa milimani, fupi, viwiko vimebana mbavu, kifua kimeingia ndani, mgongo umejikunja kama wa mtu aliyezoea mizigo, nyayo zimeng'ang'ania udongo, kwa sababu juu ya tuta la mpunga huna pa kurukia, ukirusha teke unaangukia shamba la jirani na ugomvi unaanza upya. Silaha zake ni mzega, jembe na benchi, vitu ambavyo mtu anavyo nyumbani hata akiwa maskini, na wanawake wetu hawakufungwa miguu utotoni ili ibaki midogo, kama wa mabwana wa mjini, maana miguu iliyofungwa haipandi mlima na samadi, basi mwanamke naye alipigana, hasa msimu wa ukame, maji ya mfereji yalipogombaniwa.

Kila nyumba iliificha ngumi yake, na sheria yetu ilikuwa hii, anafundishwa mwana wa nyumba na mke anayeingia katika nyumba, lakini binti hafundishwi, kwa kuwa binti ataolewa kijiji cha chini, na msimu wa ukame utakaofuata ngumi ya baba yake itarudi kuwavunja meno kaka zake. Kwa sheria hiyo Yun-moi alianza kufundishwa mwaka 1943, akiwa na miaka saba, na mimi niliyezaliwa humu ndani, nilipofika umri huohuo, nilipewa fimbo nikachunge bata upande wa pili wa ukuta. Niliwachunga vizuri, hakuna aliyepotea. Nilikuwa nazisikia pumzi zake tu, fupi fupi, kama za mtu anayevuta ndoo kisimani, na nilimchukia kwa nguvu zote alizonazo mtoto, nasema hivyo mbele ya jeneza lake kwa kuwa alikuwa anajua.

Tarehe 20 Februari 1951 alikuja ofisa wa serikali mpya, kijana mpole aliyelowa mvua, akafungua karatasi mezani kwetu na kumwambia, "Ndugu Yun-moi, ndoa za namna hii zimefutwa, uko huru, unaweza kurudi kwenu."

"Kwetu wapi?" akauliza.

"Kwa wazazi wako."

"Wale walioniweka kwenye kapu?"

Ofisa akaanza kuzikunja karatasi zake. Hapo baba akasema kwamba hatamzuia mtu, lakini asiye mke wa nyumba hawezi kuondoka na ngumi ya nyumba, akitaka kwenda aende, ila airudishe kwanza, na mimi niliyekuwa na miaka minane nikauliza ngumi inarudishwaje, nikapigwa kofi. Yun-moi aliingia ukumbi wa mababu, akapiga magoti mbele ya vibao vya majina yao, akaapa kubaki mke wa nyumba ya Liau na kutomfundisha mtu yeyote ngumi hii isipokuwa mwana wa nyumba au mke anayeingia. Alikuwa na miaka kumi na minne. Siku hizi mtu wa umri huo haaminiwi kuchemsha yai. Mwaka uleule baba alimpa mapigo manne ya mwisho, ambayo kwa desturi hupewa mtu mmoja tu katika kila kizazi.

Ngumi yetu haifanywi hewani, inahitaji mkono wa mtu wa pili, mkono unausaga mkono, na baba alikuwa mshirika wake mpaka kipupwe cha mwaka 1955, kifua kilipomkataa. Asubuhi moja Yun-moi akaniita uani, akasema, "Wifi, njoo usimame hapa."

"Nafundishwa?"

"Hufundishwi. Unapigwa."

"Na nikijikinga?"

"Jikinge. Hakuna aliyekukataza kujikinga."

Baba alikuwa amekaa kwenye benchi na bakuli la uji, akageuka akawatazama bata. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na tangu siku ile, kila asubuhi kabla ya shamba, nilisimama na kupigwa, pigo la kwanza mpaka la thelathini na nane, na likishatoka la thelathini na nane alishusha mikono akaenda kulisha nguruwe, kwa maana yale manne yanaingia kooni na kwenye mbavu za chini, na hayo hakuwahi kunitolea hata siku alizokuwa na hasira nami, ambazo zilikuwa nyingi.

Kuhusu ndoa, mwaka 1957 alikuja kumposa fundi seremala kutoka Hingnen, mwanamume safi, mikono mizuri, na mimi nilimsihi wifi yangu amkubali, kwa nia njema na kwa nia mbaya pia. Alimpa chai, akamwambia, "Nikija kwako nitaiacha nusu ya mwili wangu hapa, na wewe utataka mke mzima." Seremala aliondoka, na kwenye mlango wetu wa nyuma mpaka leo kuna komeo alilolitengeneza huku akingoja jibu. Basi, ndoa yake ni hiyo niliyokwisha kuisema, na watoto wa kuzaa hakujaliwa.

Mimi ndiye niliyeolewa, au niseme nilioa, kwa kuwa baba hakutaka jina lizimike, akamwingiza ndani mume wangu, marehemu Sen-khiong, tarehe 8 Desemba 1961, akaacha jina la kwao akawa Liau. Kwa hiyo kisheria akawa mwana wa nyumba, na Yun-moi akamfundisha vipupwe vitatu kwa moyo wote. Sen-khiong alikuwa mtu mwema, alijifunza kuanguka bila kuumia, na kipaji chake kiliishia hapo. Mwanangu Vun-hi alizaliwa tarehe 5 Juni 1964, na yule mtoto alikuwa na mwili wa ngumi, alifika pigo la ishirini na moja, lakini mwaka 1983 alipanda lori kwenda Dongguan, akalipenda lori. Alipoaga alisema, "Mkaza mjomba, nitarudi kumalizia," naye akamjibu, "Hata mjomba wako alisemekana atakuja."

Kuhusu kazi, marehemu alilima maisha yake yote, alibeba udongo wa bwawa mwaka 1958, wanaume wawili kwa kapu moja, yeye peke yake kwa makapu mawili, na tangu mwaka 1969 mpaka 1991 alikuwa muunga mifupa katika zahanati ya hapa, kazi aliyorithi kwa baba, maana katika nyumba zetu anayejifunza kuuvunja mkono ni lazima ajifunze kuurudisha. Dawa yake ya kuchua ilinuka kiasi kwamba wagonjwa walipona ili waache kupakwa. Agosti 1966, vijana wenye vitambaa vyekundu walipokuja kufuta mambo ya kale, walivichoma vibao vya mababu, wakachukua mkuki mmoja na mapanga mawili, kisha wakachoka, wakalikalia benchi, wakaegemea mizega, wakaomba chai, nasi tukawapa. Miaka kumi iliyofuata tulifanya ngumi ndani ya banda la nguruwe, na kama nguruwe wangeweza kujifunza, leo tusingekuwa na tatizo. Mwaka 1974 kiongozi wa vijana wale alianguka kutoka kwenye trekta, akaletwa zahanati mguu umegeuka nyuma, akamwuliza kwa woga, "Mama, unanikumbuka?" Yun-moi akamjibu, "Mimi nashughulika na mfupa, sura ya kazi gani," akauvuta mguu ukalia, ukakaa mahali pake. Mtu huyo yupo hapa leo, amekuja kwa miguu yake.

Baba alifariki tarehe 4 Januari 1971, mume wangu akafariki mwaka 1999, tukabaki wanawake wawili katika nyumba ya vyumba kumi na vinne. Alikuwa mgumu, hakunikumbatia hata mara moja, alikula mabakuli mawili ya wali na nyama ya mafuta kwa mboga ya chumvi bila kusifia, na nilipojifungua alinipikia kuku kwa divai ya mchele siku thelathini mfululizo, akanisimamia mpaka nilambe bakuli. Tuligombana juu ya kuni, juu ya redio, juu ya mlango upi ufungwe. Asubuhi tukasimama uani.

Tarehe 14 Oktoba 2023, akiwa na miaka themanini na saba, alipatwa na kiharusi karibu na kisima, upande wa kulia ukalala wote, akalazwa hospitali ya wilaya siku kumi na tisa, akarudi nyumbani na mkono mmoja na nusu ya mdomo. Hapo ukoo ukashtuka. Vun-hi aliitwa, akaja na miaka hamsini na tisa na mgongo wa dereva, akajaribu wiki mbili, akasimama uani analia kwa maumivu, mwanangu, nami sikumcheka. Wazee walikuja na simu wampige picha, yeye akiwa amelala kitandani, akawauliza kama wanataka filamu ya mto na blanketi. Kisha kijana mmoja akasema kwa adabu, kwa nini asifundishwe shangazi Khiun-yin, amesimama mbele yake karibu miaka sabini, na Mzee Kwet-hin akajibu, nami nikiwa mlangoni na birika, kwamba kiapo cha mbele ya mababu hakivunjwi, binti ni binti hata akiwa na mvi, na ni bora ngumi ife ikiwa safi. Yun-moi akageuza kichwa. "Ni rahisi kwako kusema hivyo," akamwambia, "wewe huijui."

Lakini hakusema zaidi, na miezi minne hakusema zaidi, nami sikuomba. Nilimlisha, nikamgeuza, nikamwosha. Nilifikiri ameamua.

Asubuhi ya tarehe 12 Machi mwaka huu nilikuwa namchana nywele, akasema, "Wifi, simama."

"Atanipiga nani? Mkono wako umelala."

"Wa kushoto uko macho. Simama."

Nikamwambia sitaki. Nilimwambia nilitaka nikiwa na miaka saba, nilitaka nikiwa na kumi na mitatu, nilitaka miaka yote ile aliyonigeuzia mgongo kwenye pigo la thelathini na nane akaenda kwa nguruwe, na sasa mimi ni bibi kizee, magoti yanalia, aende nayo kwa baba yangu aliyempenda kuliko mimi. Nilisema mengine ambayo sitayasoma. Alingoja nimalize, kama alivyozoea kungoja.

"Najua," akasema. "Niliambiwa nimngoje mtoto wa nyumba hii azaliwe. Ulizaliwa wewe. Mwaka wa themanini na moja huu, namngoja nani mwingine?"

"Na kiapo?"

"Nilimwapia baba yako. Nikifika nitamweleza. Akikasirika, nimeshampiga sana yule."

Nikasimama kando ya kitanda. Siku tisa alinipa mapigo manne kwa mkono wa kushoto, amelala chali, akinirudia na kunirudia, akanifanya niyageuze yawe ya mkono wa kulia, akanifanya nimtolee yeye hewani juu ya blanketi, akasema "kiwiko" kwa nusu ya mdomo, "kiwiko, we mchunga bata," na la arobaini na mbili nililipata tarehe 20 Machi, saa nne asubuhi, akanigusa mbavu kuhakikisha kwamba nimesimama sawa, kisha akaomba uji. Na nilipoyapanga yote kichwani nikaona jambo ambalo nilipaswa kuliona zamani, kwamba yale thelathini na manane sikuhitaji kufundishwa, yalikuwa yameshaingia mwilini mwangu kwa upande wa kupokea, kila asubuhi, kwa karibu miaka sabini, na mtu aliyekuwa ananipiga hakuwa mjinga, wala baba yangu aliyekuwa anawatazama bata.

Marehemu Chin Yun-moi alifariki tarehe 21 Machi 2024, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani, kitandani mwake, akiwa na miaka themanini na minane.

Kwa hiyo waombolezaji, mnazika mtu mmoja. Asubuhi ya tarehe mosi ya mwezi wa tatu wa kalenda yetu ya mwandamo, ambao bado haujafika, nitasimama uani nyuma ya nyumba ya Liau, na yeyote anayetaka kujifunza aje, mvulana, msichana, mke aliyeingia, binti aliyeolewa nje, hata mtu wa kijiji cha chini kama atavumilia, maana mfereji una bomba la serikali siku hizi na hakuna wa kumvunja meno. Kiapo hicho mimi sikukiapa. Kila atakayekuja atapigwa kwanza, na kufundishwa baadaye. Mzee Kwet-hin, nawe karibu uje upinge, lakini njoo upinge uani, umesimama mbele yangu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya wilaya, hasa daktari kijana aliyekuja kumpima marehemu akaishia kuzipima mbavu zangu, akauliza ni nani anayempiga mwanamke wa umri huu, tukamwonyesha kitanda, naye akaandika kitu kingine. Tunawashukuru majirani waliopika, wafanyakazi wenzake wa zamani wa zahanati, wapiga zumari, ukoo wa Chin uliomzaa na leo umekuja kubeba upande mmoja wa jeneza, na mwanangu Vun-hi, ambaye ameegesha lori lake barabarani tangu juzi na hajalitazama.

Wifi, nenda ukapumzike, amani iwe yako. Mbavu zinaniuma nikisimama muda mrefu, naishia hapa.